O ya Vologda na gh ya Voronezh: nyimbo za vijijini Urusi na hamu ya nyumbani

Yeyote aliyepita podfak, ule mwaka wa kujifunza lugha kabla hujaanza chuo kule Urusi, hii sheria anayo kichwani hata umwamshe saa nane usiku: herufi o ikikosa mkazo haisomwi o, inasomwa a. Maziwa yanaandikwa moloko ila unatamka malako, mji mkuu unaandikwa Moskva ila unasema Maskva, kichwa ni golova kwenye karatasi na galava mdomoni. Kwa sisi Waswahili inasumbua mwanzoni maana irabu zetu tano hazibadiliki, a ni a na o ni o popote ilipokaa, mwanzo wa neno, katikati, mwisho, na sasa unaambiwa hii hapa ipo ila usiitamke. Unazoea lakini. Baada ya miezi kadhaa mdomo unaenda wenyewe.

Sasa panda treni ya usiku kutoka Moscow uelekee kaskazini, ushuke Vologda, na kama una muda uendelee mpaka mkoa wa Arkhangelsk, kule kwenye mito ya Pinega na Mezen, ukae na wazee wa vijijini uwasikilize. Ile sheria haipo. Bibi anakwambia moloko, o tatu, zote nzima, hakuna iliyomezwa. Golova ni golova. Warusi wenyewe wanaiita okanye, na ile ya Moscow na ya kusini wanaiita akanye, na mpaka kati ya hizi mbili ulichorwa kwenye ramani zamani sana, ramani ya kwanza ya lahaja za Kirusi upande wa Ulaya ilitoka 1915, kazi ya Durnovo, Sokolov na Ushakov, halafu baadae wakaja watu wa atlasi kubwa ya lahaja, wale walizunguka vijiji zaidi ya 4,000 wakiuliza watu hapa mnasemaje hiki, na kile mnakiitaje. Kijiji kwa kijiji, aisee. Naiheshimu sana hiyo kazi.

Mi naandika hii kwa sababu ya nyimbo lakini. Kuna kitu nimekiamini kwa muda mrefu na sijawahi kukiona kimeandikwa kwa Kiswahili: kinachomliza Mrusi kwenye wimbo wa kijijini kwao mara nyingi sio maneno, na wala sio ule mdundo wa huzuni ambao dunia nzima inaujua, ni namna neno lilivyotamkwa. Ukiichukua tuni ileile na maneno yaleyale ukayaimba kwa matamshi ya redio, yule mzee anakusikiliza vizuri tu, anapiga makofi, lakini hatoki machozi. Nimeliona hilo kwa macho yangu na nataka nieleze kwa nini.

Kwanza muelewe wimbo wenyewe. Nyimbo za vijijini Urusi ziko aina nyingi, kuna za kucheza kwa duara, kuna za harusi, kuna mbolezi za msibani, kuna za kumbembeleza mtoto, kuna chastushka ambazo ni mistari minne ya harakaharaka, utani, mapenzi, mafumbo, mara nyingi na akodiani ndogo wanayoiita garmon. Lakini mfalme wao ni protyazhnaya, wimbo wa kuvuta. Huu hauna haraka na mtu yeyote. Manju anaanza peke yake, mstari mmoja, labda nusu mstari, halafu wengine wanaingia kila mmoja na njia yake, hakuna aliyepangiwa sauti ya pili wala ya tatu, kila mtu anaitembeza tuni kivyake na wanakutana mwisho wa mstari kwenye noti moja kama hakuna kilichotokea. Na maneno wanayachana! Manju anaanza neno, anafika katikati, anakata, anavuta pumzi, halafu anarudi kulianza upya zima. Katikati wanaingiza oy, wanaingiza da, wanaingiza ekh, na konsonanti mbili zikikutana wanachomeka irabu hapo katikati ili sauti isikwame. Neno la silabi tatu linaweza kuchukua nusu dakika.

Hapo ndipo o inapoanza kuwa na maana. Kwenye kuongea, mtu wa Moscow irabu isiyo na mkazo anaipunguza, na ikiwa mbali na mkazo haiwi hata a kamili, inabaki kivuli tu, sauti fulani isiyo na jina katikati ya mdomo. Haina shida kwenye kuongea. Ila kwenye kuimba huwezi kuvuta kivuli kwa sekunde sita, haivutiki. Lazima ufungue mdomo uchague sauti kamili, ama a ama o. Mtu wa Moscow anachagua a. Mtu wa Vologda hachagui chochote, anaimba o kwa sababu ndiyo iliyopo pale siku zote. Kwa hiyo kadiri wimbo unavyovutwa ndivyo kwao na mwimbaji kunavyoonekana. Kwenye mazungumzo ya haraka unaweza ukajificha, kwenye protyazhnaya hujifichi, ile irabu iko wazi mbele ya watu wote kwa sekunde sita.

Niliisikia hii kwa karibu kabisa jikoni kwa bibi wa rafiki yangu wa hosteli, mkoa wa Vologda, amekaa anachambua beri za msituni, anatenga majani na vijiti pembeni, huku anaimba chinichini bila kutuangalia. Kulikuwa na neno storonushka, lile la upendo la kuita sehemu unayotoka. Mkazo uko kwenye o ya pili. Ile ya kwanza darasani nilifundishwa ni a, starónushka. Bibi aliifikia ile ya kwanza, sto, akaikalia, akaipandisha kidogo, akaishusha, akakata, akatupa jani moja pembeni, akavuta pumzi, akaanza tena sto. O ya mviringo, midomo imechongoka kabisa, unaona. Rafiki yangu ambaye alikuwa na miaka yake kadhaa mjini na alishaanza kuongea kama mtangazaji aliacha kunywa chai. Akaniambia baadae njiani kwamba mama yake akiimba huo wimbo mjini anaimba sta, na yeye siku zote alikuwa anajua ndio huohuo, kumbe.

Kumbe. Hapo pana historia ndefu na ya kuumiza na sitaki kuipita haraka.

Sensa ya 1926 ilikuta watu kama 18 tu kwa kila 100 kwenye Umoja wa Kisovieti wanaishi mijini. Ile ya 1959 ikakuta karibu nusu. Miaka 33 tu hiyo. Yaani kizazi kimoja kizima kilitoka kijijini kikaingia kwenye viwanda, kwenye hosteli, kwenye vyumba vya kushirikiana jiko, na kati yake kuna njaa, kuna mashamba kugeuzwa kolkhoz, yaani mashamba ya pamoja, kwa nguvu, kuna vita iliyoua mamilioni. Na watu wa kolkhoz hawakuwa na pasipoti ya ndani kama haki yao mpaka uamuzi wa 1974, kwa hiyo kuondoka kijijini haikuwa kupanda basi tu, ilibidi upate njia, jeshi, chuo, kiwanda kikuandikie. Aliyefanikiwa kutoka hakutaka kurudishwa, na kitu cha kwanza kinachokusaliti mjini kwamba wewe ni wa kijijini ni mdomo. Ukisema moloko watu wanageuka. Kwa hiyo walijifuta. Hakuna aliyewalazimisha kwa sheria, walijifuta wenyewe, basini, kazini, mbele ya watoto wao. Halafu 1974 hiyohiyo ukatoka mpango wa kuendeleza maeneo ya kati na kaskazini ya Urusi, na katika miaka ile vijiji vingi vidogo vikawa vinahesabiwa havina mustakabali, shule inafungwa, duka linafungwa, watu wanahamishiwa kijiji kikubwa. Kwa hiyo yule aliyeondoka kijijini akajifuta ule mdomo, akija kukikumbuka kijiji uzeeni anakuta mara nyingi hakipo. Kimebaki kwenye wimbo tu. Na kwenye wimbo kimebaki kwenye irabu.

Mfano mkubwa wa kujifuta ni Yuri Levitan, ile sauti ya redio ya Moscow iliyotangaza vita 1941 na ushindi 1945, kila Mrusi wa umri fulani anaijua. Levitan alizaliwa Vladimir mwaka 1914, na Vladimir kuna okanye. Alivyokuja Moscow akiwa kijana alikuja na o zake zote, na ili akae mbele ya maikrofoni ilibidi afanye mazoezi makali ya kuzitoa. Alizitoa kweli, mpaka akawa yeye ndio kipimo cha wengine, na hiyo sauti yake ikaingia kila nyumba kupitia zile redio za ukutani. Kinyume chake ni Maxim Gorky, mwandishi, mtu wa Nizhny Novgorod kwenye Volga, yeye aliongea na o zake mpaka anakufa, Moscow, Italia, popote. Namuonea fahari kwa hilo. Na ni yeye aliyemsikia Irina Fedosova kwenye maonyesho makubwa ya Nizhny Novgorod 1896 akaandika kuhusu yule mama. Fedosova alikuwa mwanamke wa kijijini, upande wa ziwa Onega, hajui kusoma, mtaalamu wa mbolezi, ambaye mtafiti Barsov alikaa nae miaka ya nyuma akiandika kwa mkono kila anachotoa mdomoni, na kitabu cha mbolezi kikatoka 1872. Mama asiyejua kusoma ndiye aliyeujaza ule mkusanyiko.

Ila ona tatizo la kalamu. Wakusanyaji wa karne ya 19 walikuwa wanaandika nyimbo kwa tahajia ya kawaida, na tahajia ya Kirusi inaandika o hata pale Moscow wanaposema a, kwa hiyo kwenye kitabu wimbo wa Vologda na wimbo wa Voronezh unafanana, herufi zilezile! Aliyebadilisha mambo ni Evgeniya Lineva. Huyu mama alianza kutumia fonografu kurekodi vijijini 1897, akawa anakwenda na mashine yake, wanavijiji wanaimba kwenye pembe, halafu anakaa nyumbani anasikiliza mara kwa mara na kuandika kila sauti kivyake, na matokeo yake yakatoka 1904 na 1909. Ndio watu wa mjini wakashtuka kuona kwamba wale wakulima hawaimbi sauti moja na wengine kuitikia kama walivyodhani, ni njia nyingi zinatembea pamoja. Na matamshi yakapona humo.

Sasa kusini. Mi nimesoma Voronezh, kwa hiyo huku ndio kwangu, na kaskazini nilikuwa mgeni tu. Voronezh, Kursk, Belgorod, kushuka na mto Don, kuna kitu ambacho Mswahili anakidaka siku ya kwanza sokoni: g yao ni gh. Gh ileile yetu ya ghali, ya ghafla, ya lugha. Gorod wanasema ghorat, pogoda wanasema paghoda. Na mwisho wa neno hiyo g inakuwa kh, kwa hiyo theluji, sneg, ambayo Moscow wanaitamka snek, sokoni kwetu ilikuwa snekh. Mwalimu wetu wa fonetiki darasani anadai g ngumu, anagonga meza, g, g, g, halafu tunatoka nje tukanunue viazi mama muuzaji anatupigia gh tupu. Mikhail Gorbachev alizaliwa Privolnoye, Stavropol, kusini zaidi, na hiyo gh alikuwa nayo mpaka Kremlin, Warusi wote waliisikia kwenye televisheni na wengi waliisema sana. Kuna neno moja ambalo hata Moscow ya zamani walilitamka kwa gh, nalo ni la kumuita Mungu, Gospodi, maana lilitoka kanisani na kanisa lilikuwa na matamshi yake. Kwa hiyo bibi wa Moscow aliyekuwa akidharau gh ya wakulima wa kusini, kwenye sala alikuwa anayo.

Nikupe neno moja tu uone nchi nzima. Nesu, maana yake ninabeba. Mkazo mwishoni. Moscow wanasema nisu. Kaskazini vijiji vingi ni nyosu. Kusini ni nyasu. Neno moja, irabu tatu. Ukilisikia limevutwa kwenye wimbo unaweza ukasema huyu mtu ametoka upande gani kabla hajamaliza mstari, na mzee aliyezaliwa upande huo hahitaji kufikiri, mwili unajua.

Na hata kuimba kwenyewe ni tofauti. Kaskazini sauti iko chini kidogo, laini, msimu wa baridi mrefu watu wamekaa ndani. Kusini ni kifua, wazi, sauti ya nje, wanawake wa Belgorod wakisimama kwenye duara unaweza ukawasikia kijiji cha pili. Lile duara lenyewe ambalo vitabu vinaliita khorovod, wao wanaliita karagod. Wana pia zile wanaziita stradaniya, mistari miwili tu ya mapenzi, ya kuteseka, kifupi kuliko chastushka ya kawaida, na gh na nya zinagongana humo vizuri mno. Saratov wao wana garmon yao ya peke yake yenye vikengele vidogo vinavyolia ukibonyeza, sijasikia kitu kama kile popote.

Kwa hiyo nikirudi kwenye lile la machozi. Sisi tunalijua hili, mtu wa Mombasa akiimba ndoo na ndia, ukamwambia aimbe njoo na njia, mizani haijaguswa, silabi ni zilezile, ila ule wimbo si wa kwake tena. Warusi ndio walivyofanyiwa na jukwaa.

Mitrofan Pyatnitsky, mtoto wa mkoa wa Voronezh huyu, alileta wakulima Moscow mwaka 1911 wakaimba mbele ya watu wa mjini. Wametoka Voronezh, Ryazan na Smolensk, na uzuri wa wazo lake ni kwamba hakuwachanganya, kila kundi liliimba ya kwao kwa mdomo wa kwao, na wakimaliza wanarudi mashambani. Hilo ndilo ninalolipenda. Akafa 1927. Baada ya hapo kwaya ikaendelea kubeba jina lake lakini ikakua, miaka ya 1930 ikawa ya kitaalamu, watunzi wa mjini wakaandika nyimbo mpya kwa ajili yake, na staili hiyo ya kwaya kubwa yenye mavazi yanayofanana, balalaika, kile chombo cha nyuzi tatu, nyuma, tabasamu, ndiyo ikaenda dunia nzima kama sauti ya mkulima wa Kirusi. Sio kwamba ni mbaya. Waimbaji wale ni mafundi, na zipo kwaya zilizong'ang'ania za kwao, kama ile ya kaskazini aliyoianzisha Antonina Kolotilova pale Veliky Ustyug 1926, sasa iko Arkhangelsk, hao o zao unazisikia. Ila kwa jumla jukwaa lilinyoosha. Ukichanganya Voronezh na Smolensk kwenye safu moja lazima watamke kitu kimoja la sivyo inasikika fujo, na kitu hicho kimoja ni Kirusi cha shule. Na ule wimbo maarufu ambao mgeni yeyote akitajiwa Urusi anaupigia makofi, Kalinka, hata sio wa kijijini, uliandikwa na Ivan Larionov, Saratov, 1860.

Lidiya Ruslanova ndio namuweka pembeni. Huyu alizaliwa 1900 mkoa wa Saratov, familia ya wakulima, yatima mapema, na alivyopanda jukwaani alipanda na ile sauti ya kijijini, haijalainishwa. Aliimba kwa wanajeshi mstari wa mbele, aliimba Berlin mbele ya jengo la Reichstag Mei 1945, na 1948 serikali ileile ikamkamata, akakaa ndani mpaka 1953. Ukisikiliza rekodi zake unaelewa kwa nini askari walikuwa wanamuomba yeye. Askari wengi wa vita ile walikuwa watoto wa vijijini, na pale mtu haombi muziki mzuri, anaomba nyumbani.

Halafu 1973 Moscow, Dmitri Pokrovsky akaanzisha kundi lake dogo, na hao ndio walirudi kinyumenyume. Walikwenda vijijini wakakaa na mabibi, wakajifunza sio tuni tu, walijifunza pumzi inakatwa wapi, mdomo unafunguka vipi, o au a, g au gh, na kila kijiji kivyake. Vijana wa mjini waliofundishwa muziki chuoni wanarudi kujifunza kutamka maneno ya lugha yao kutoka kwa bibi ambaye wazazi wao walimuonea aibu. Mimi nikiwaza hilo moyo unajaa. Leo ukiingia YouTube utakuta vikundi vingi vya vijana wanaofuata njia ile, wanakaa wanne watano chumbani, hawana mavazi ya kung'aa, wanaimba protyazhnaya moja dakika nane.

Ila kwenye habari za hamu ya nyumbani hakuna wanaonigusa kama Wakosaki wa Nekrasov, Wakosaki ni zile jamii za wapiganaji wa mipakani kusini. 1708 uasi wa Bulavin kule Don ulishindwa, na Ignat Nekrasov akaondoka na watu wake kukimbia jeshi la Tsar, Kuban kwanza, baadae vizazi vyao wakaishi ardhi ya Waturuki. Wakakaa huko. Wakaoana wenyewe kwa wenyewe, wakashika dini yao ya zamani, mavazi yao, na nyimbo zao. Wajukuu wa wajukuu wakarudi 1962, karibu watu elfu moja, wakapewa makazi Stavropol. Zaidi ya miaka 250! Watafiti wakawakimbilia na tepurekoda, na wakakuta watu ambao hawakuwahi kupita shule ya Kirusi wala kusikia redio ya Moscow wanaimba kuhusu Don ambayo hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa kando yake, kwa mdomo ambao Don yenyewe ulishabadilika, na juu yake mapambo ya sauti, ile mitetemo ya koo, ambayo wataalamu wa muziki wanasikia ndani yake majirani zao Waturuki. Fikiria hiyo. Nyumbani wanakokuimbia walikutunza kwenye koo tu, na koo lenyewe limeshaongeza ya ugenini.

Hii inanipeleka kwa baba mdogo wangu. Yeye alisoma Kyiv miaka ya 1970, kilimo, enzi za Umoja wa Kisovieti, akarudi, akafanya kazi, amestaafu. Mpaka leo wakikutana na wenzake Dar, waliosoma Moscow, Leningrad, Tashkent, Kyiv, kila mmoja na chuo chake, ikifika jioni wanaimba. Zile za jukwaani hasa, za redio ya miaka yao. Na ukikaa pembeni ukatega sikio unasikia ramani. Baba mdogo g yake ni laini kabisa, ile ya Kyiv, mwenzake wa Moscow g yake inagonga, na mzee mmoja aliyekaa Leningrad anatamka kila herufi ya neno kama ilivyoandikwa, chto anaisema na ch yake, wakati Moscow ni shto. Hakuna kati yao anayejua kwamba anafanya hivyo. Nilimuuliza baba mdogo kwa nini g yako iko vile akasema hiyo ndio g, nyingine ipi?

Na nchi waliyosoma haipo, iliisha 1991. Chuo kimebadilika jina, hosteli imevunjwa au imepakwa rangi nyingine, mtaa umeitwa upya, na kwa Kyiv sasa kuna vita juu yake, baba mdogo habari zikianza anatoka nje. Lakini Kirusi chake ni kilekile cha 1970 na kitu, hakijasogea, kilisimama siku alipopanda ndege. Kijana wa Kyiv wa leo haongei vile. Kwenye hilo wazee wetu na wale Wakosaki ni ndugu, tofauti ni kwamba Wakosaki walipata mtu wa kuwarekodi.

Kwa hiyo mwaka huu nimeanza na simu yangu. Naweka juu ya meza, nawaacha waimbe, na baada ya kila wimbo nauliza huu ulijifunza wapi, nani alikufundisha, mlikuwa mnauimba lini, mkiwa mnavuna viazi na wanafunzi wenzenu au kwenye treni au hosteli, na majibu yenyewe nayarekodi humohumo kwenye faili moja na wimbo, kwa sababu nikiyaweka pembeni yatapotea. Simwambii yeyote arudie ili atamke vizuri. Kama una mzazi au mjomba au shangazi aliyesoma kule enzi zile, Voronezh, Rostov, Krasnodar, Minsk, Odessa, popote, fanya hivyohivyo, na majina ya watu usiyaweke hadharani, weka mji na miaka tu inatosha. Anza na wenye umri mkubwa zaidi.